Game of Thrones kitabuni na kwenye televisheni: maswali ambayo marafiki huulizana mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutokana na mazungumzo ya marafiki ambao baadhi yao waliisoma riwaya kabla ya kuitazama tamthilia, wengine waliitazama tamthilia bila kufungua kitabu hata kimoja, na wengine bado wako njiani. Kuanzia swali la tatu majibu yanataja matukio makubwa ya kazi zote mbili, vikiwemo vifo na mwisho wa tamthilia. Anayetaka kulinda uhondo wake asome maswali mawili ya kwanza, aishie hapo, kisha arudi atakapokuwa amemaliza.

Riwaya hii inaitwaje hasa, na ni nani aliyeiandika?

Mfululizo mzima wa riwaya unaitwa A Song of Ice and Fire, na A Game of Thrones ni jina la kitabu chake cha kwanza tu, kilichochapishwa mwaka 1996. Kampuni ya HBO ilipoigeuza kazi hiyo kuwa tamthilia ilichukua jina la kitabu hicho cha kwanza na kulitumia kwa misimu yote minane, ndiyo maana mtu husema amesoma Game of Thrones na mwenzake asijue kama amesoma kitabu kimoja au vitano. Mwandishi ni Mmarekani George R. R. Martin, aliyezaliwa mwaka 1948. Alianza kuiandika mwaka 1991 akitarajia vitabu vitatu, lakini hadithi ikamkulia mkononi: A Clash of Kings kilitoka mwaka 1998, A Storm of Swords mwaka 2000, A Feast for Crows mwaka 2005 na A Dance with Dragons mwaka 2011. Vitabu viwili vya kuhitimisha bado havijachapishwa.

Tamthilia yenyewe ilisimamiwa na David Benioff na D. B. Weiss, ikaanza kurushwa tarehe 17 Aprili 2011 na kumalizika tarehe 19 Mei 2019 ikiwa na sehemu 73. Ni vyema kukumbuka kwamba Martin hakuwa mgeni wa televisheni. Katika miaka ya 1980 alikuwa mwandishi wa tamthilia huko Hollywood, ambako kila mara aliambiwa kwamba alichoandika kilikuwa kikubwa mno na cha gharama mno. Riwaya hii aliianza kwa makusudi akiwa huru na vikwazo hivyo, akiweka majeshi, ngome na mamia ya wahusika bila kuhesabu gharama, kwa hiyo waliokuja kuiigiza walirithi kitabu ambacho mwandishi wake mwenyewe aliamini kwamba hakiigiziki.

Je, mtu aanze na kitabu au na tamthilia?

Aanze na kitabu cha kwanza, akimalize, kisha atazame msimu wa kwanza kabla ya kuendelea na kitabu cha pili. Msimu wa kwanza unakifuata kitabu cha kwanza kwa ukaribu ambao haukurudiwa tena, na anayevipitia vyote viwili kwa kufuatana huona waziwazi ni nini kimehama na ni nini kimebaki kwenye karatasi. Aidha, nyuso za waigizaji humsaidia msomaji kutenganisha majina, kwa kuwa koo ni nyingi na watu wa ukoo mmoja hurithishana majina. Nyuma ya kila kitabu kuna kiambatisho chenye orodha ya koo na watu wake, na msomaji asione haya kukirejea kila anapopotea. Kitabu cha tatu, kwa maoni yetu, kisomwe kabla ya kutazama chochote kinachotokana nacho.

Kwa nini kila sura ya riwaya ina jina la mtu badala ya kichwa cha habari?

Hili ndilo swali ambalo majibu ya maswali mengine mengi hulitegemea, na linastahili kujibiwa kwa kirefu.

Kila sura inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, lakini msimulizi amefungiwa ndani ya kichwa cha mhusika mmoja. Ukiona jina la Catelyn juu ya ukurasa, basi utajua tu kile ambacho Catelyn anakijua, utaona tu anachokiona, na utaamini anachokiamini hata kama si kweli. Katika kitabu cha kwanza, ukiacha utangulizi, wahusika waliopewa sura ni wanane: Eddard Stark, mkewe Catelyn, watoto wao Sansa, Arya na Bran, Jon anayelelewa pamoja nao, Tyrion wa ukoo wa Lannister, na Daenerys, binti wa ukoo wa kifalme wa Targaryen uliopinduliwa. Robb Stark, ambaye anatangazwa kuwa mfalme na kuongoza jeshi, hapewi sura hata moja katika mfululizo mzima. Tunamjua kupitia macho ya mama yake, Catelyn, na kwa hiyo tunamwona kama mama anavyomwona mtoto aliyekua kwa haraka kuliko inavyostahili.

Mbinu hiyo ina matokeo makubwa. Vita vya Whispering Wood, ambavyo ni ushindi wa kwanza mkubwa wa Robb, tunavisikia tu. Catelyn amekaa juu ya kilima gizani, akisikia pembe, kwato na vilio kutoka bondeni, na kwa kuwa yeye haoni, sisi pia hatuoni. Tena kuna Jaime Lannister, ambaye katika sura za mwanzo za kitabu cha kwanza anamsukuma mtoto kutoka dirishani. Kwa vitabu viwili tunamchukia bila shida yoyote kwa sababu tunamtazama kwa macho ya watu waliomchukia. Kitabu cha tatu kinampa sura zake mwenyewe, na ghafla tunasikia namna anavyojieleza nafsini mwake, tunajua kwa nini alimuua mfalme aliyeapa kumlinda, na hukumu tuliyokwisha kuitoa inaanza kutuwia nzito. Martin hakumsafisha Jaime, maana kosa lake liko palepale. Alichofanya ni kutuhamisha tulipokuwa tumeketi.

Kamera haiwezi kufanya hivyo kwa njia ileile. Kamera humwona kila aliyemo chumbani kwa wakati mmoja, na haina pa kuingilia katika mawazo yasiyotamkwa. Marafiki wanapobishana kuhusu mabadiliko ya tamthilia, mara nyingi huorodhesha matukio yaliyoachwa, kumbe pengo kubwa zaidi ni hili la sauti ya ndani.

Basi tamthilia ililizibaje pengo hilo?

Katika misimu ya mwanzo ililiziba kwa ustadi mkubwa, kwa kubuni mazungumzo ya watu wawili ambayo hayamo kitabuni. Mfano bora kuliko yote ni onyesho la msimu wa kwanza ambapo Mfalme Robert na Malkia Cersei wanaketi pamoja na kuzungumzia ndoa yao iliyokufa. Kitabuni onyesho hilo lisingewezekana, kwa sababu hakuna mhusika mwenye sura ambaye angekuwapo kulishuhudia. Waandishi wa tamthilia walitambua kwamba wamenyang'anywa mawazo ya wahusika lakini wamepewa uhuru wa kuingia vyumba ambavyo riwaya haikuvifikia, nao wakautumia uhuru huo.

Vivyo hivyo katika msimu wa pili. Kitabuni, Arya akiwa katika ngome ya Harrenhal anakuja kuwa mtumishi wa bwana mmoja wa kaskazini, Roose Bolton, na uzito wa sura hizo uko katika hofu yake ya ndani na majina ya maadui anayoyarudia kila usiku. Tamthilia ilimfanya mnyweshaji wa Tywin Lannister, mtu ambaye familia yake inapigana na ya kwao, na ikawaketisha mezani pamoja. Hofu iliyokuwa kichwani ikawa kwenye macho ya mtoto anayechagua kila neno kwa uangalifu mbele ya mzee mwerevu. Msomaji anayelalamika kwamba jambo hilo halimo kitabuni amesema kweli, lakini kama kipimo ni kulinda kile kitabu kilichokusudia, basi hapo tamthilia ilikilinda kuliko ambavyo ingekilinda kwa kunakili.

Martin mwenyewe aliandika sehemu moja katika kila mmoja wa misimu minne ya kwanza. Ile ya msimu wa pili, Blackwater, inayohusu vita vya kuutetea mji mkuu, inaonyesha jinsi alivyoelewa tofauti ya vyombo hivi viwili. Kitabuni vita hivyo vinasimuliwa kwa kupokezana na Davos aliye melini, Tyrion aliye juu ya kuta na Sansa aliye miongoni mwa wanawake waliojificha ngomeni. Katika tamthilia, sehemu nzima inabaki katika mji mmoja kwa usiku mmoja bila kutoka kwenda kwingine, jambo ambalo misimu hiyo haikuwa na desturi ya kulifanya.

Kwa nini wahusika vijana ni wakubwa zaidi katika tamthilia?

Kitabuni, hadithi inapoanza, Jon na Robb wana miaka 14, Sansa 11, Arya 9 na Bran 7. Tamthilia iliwaongezea miaka miwili hadi mitatu kila mmoja, kwa sababu yanayowapata yasingeweza kuigizwa na watoto wadogo hivyo, kisheria wala kimaadili. Hasara yake ni ndogo kwa Bran na kubwa kwa Robb. Kitabuni Robb ni mvulana ambaye, akiwa na majeraha na msiba wa kuwapoteza wadogo zake, analala na Jeyne Westerling, kisha anamuoa ili kuilinda heshima ya binti huyo, na ndoa hiyo ndiyo inayomwangamiza. Katika tamthilia ni mwanamume aliyekomaa anayemuoa Talisa kwa sababu anampenda. Kosa linabaki lilelile, lakini la kwanza ni kosa la mtoto anayejaribu kuwa mwadilifu kama baba yake, na kwa msomaji hilo huumiza zaidi.

Msimu upi unatokana na kitabu kipi?

Msimu wa kwanza unatokana na kitabu cha kwanza, wa pili na cha pili, wa tatu na wa nne vinagawana kitabu cha tatu kwa sehemu kubwa, na wa tano unachota kutoka cha nne na cha tano. Kuanzia wa sita tamthilia inakwenda mbele ya maandishi, ingawa baadhi ya mambo ya msimu huo, kama uchaguzi wa mfalme wa Iron Islands na kuzingirwa kwa ngome ya Riverrun, yanatoka katika kitabu cha nne.

Kwa nini Jon, Tyrion na Daenerys hawana sura katika kitabu cha nne?

Muswada ulikuwa mrefu mno kutoshea katika kitabu kimoja, na Martin akaugawa kwa mahali na kwa wahusika badala ya kuugawa kwa wakati. Kitabu cha nne kinabaki zaidi katika mji mkuu wa King's Landing, Dorne na Iron Islands, na cha tano kinarudi nyuma na kuanza kipindi hichohicho upande wa kaskazini na ng'ambo ya bahari. Msomaji anayekata tamaa katikati ya kitabu cha nne kwa kuwakosa awapendao anashauriwa avumilie, kwa sababu sura za Cersei, anayepewa nafasi hiyo kwa mara ya kwanza hapo, ni miongoni mwa kazi bora za Martin.

Hadithi yenye majoka inawezaje kuchukuliwa kwa uzito na watu wazima?

Kwa sababu majoka yapo pembezoni, na katikati kuna siasa za watu. Martin ameeleza wazi kwamba alichota katika historia ya Uingereza, hasa vita vya karne ya 15 baina ya ukoo wa Lancaster na ukoo wa York. Ukuta wa barafu unaolinda mpaka wa kaskazini katika hadithi ulizaliwa mwaka 1981 alipozuru ukuta ambao Warumi waliujenga kaskazini mwa Uingereza kuanzia mwaka 122, akasimama juu yake na kujiuliza askari aliyetoka mbali alijisikiaje akikodolea macho upande wa pili bila kujua kitakachotokea humo. Harusi Nyekundu, yaani mauaji ya Robb na mama yake wakiwa wageni harusini, ina mizizi katika matukio mawili ya Uskoti. Mwaka 1440 vijana wawili wa ukoo wa Douglas walialikwa kula na mfalme mtoto katika ngome ya Edinburgh, wakakamatwa na kukatwa vichwa, na mwaka 1692 huko Glencoe wanajeshi waliokuwa wamekaribishwa majumbani waliwaua wenyeji wao.

Kwa wasomaji wa mwambao wetu jambo hili halipaswi kuwa geni. Utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913, unamhusu shujaa asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemwua ni mwanawe mwenyewe aliyerubuniwa kwa ahadi. Aliyeusikiliza utendi huo hasumbuki kuuliza kama mwili wa namna hiyo upo duniani, bali huumia kwa usaliti wa damu.

Kuna wahusika gani muhimu walioachwa, na je, kuachwa kwao kulibadilisha chochote?

Watatu hutajwa zaidi. Wa kwanza ni Catelyn mwenyewe baada ya kifo chake, kwa kuwa mwishoni mwa kitabu cha tatu anarudishwa akiwa kiumbe kisicho na huruma kinachoitwa Lady Stoneheart. Wa pili ni kijana anayedai kuwa Aegon, mwana wa Rhaegar Targaryen, kaka yake Daenerys aliyekufa, ambaye katika kitabu cha tano anavuka bahari akiwa na jeshi la kukodiwa na kutua katika bara la Westeros kabla ya Daenerys. Wa tatu ni Arianne Martell, binti mrithi wa Dorne.

Kuachwa kwa Arianne kuliidhoofisha Dorne yote, lakini kuachwa kwa Aegon ndiko kulikoacha shimo refu zaidi. Kitabuni, Daenerys atakapofika katika nchi anayoamini kuwa ni yake kuna uwezekano mkubwa wa kukuta watu wameshampata Targaryen mwingine wa kumshangilia. Sababu ya uchungu wake inakuwa tayari imejengwa hatua kwa hatua. Tamthilia ilibidi imtafutie uchungu kwingine, na muda ulikuwa umekwisha.

Kuna pia badiliko la Sansa. Kitabuni, msichana anayeozwa kwa Ramsay Bolton, mwana katili wa Roose, ni rafiki yake Jeyne Poole, anayelazimishwa kujifanya Arya, na Sansa yuko mbali katika Vale. Tamthilia ilimweka Sansa mwenyewe mahali pa Jeyne. Uamuzi huo ulipunguza idadi ya wahusika, lakini ulilazimu Littlefinger, bwana mjanja anayemlinda Sansa na asiyetoa kitu bila hesabu, amkabidhi Sansa kwa mtu asiyemfahamu vizuri. Ni vigumu kuutetea.

Kwa nini mwisho wa tamthilia ulizua ubishi mkali kiasi kile?

Msimu wa nane ulikuwa na sehemu 6 tu, baada ya wa saba wenye 7, ilhali misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Zaidi ya watu milioni 1 walitia saini ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya, ingawa mwaka huohuo wa 2019 tamthilia ilipewa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Wengi husema kwamba tatizo lilikuwa haraka. Hilo ni kweli, ila halitoshi.

Tazama uamuzi wa Daenerys kuuteketeza mji wa King's Landing baada ya kengele za kusalimu amri kulia. Martin alikwisha kuwaeleza Benioff na Weiss mambo makuu ya hatima ya hadithi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba anguko la Daenerys lilikuwa geni kwa riwaya. Katika sura yake ya mwisho ya kitabu cha tano yuko peke yake nyikani, mgonjwa na mwenye njaa, akisikia sauti za watu wasiokuwapo, na polepole anakata shauri kwamba amani aliyoihangaikia katika mji wa Meereen aliokuwa akiutawala haikuwa njia yake. Msomaji yumo kichwani mwake wakati huo, na anaona jinsi mtu mwema anavyoweza kujihesabia haki hatua moja baada ya nyingine mpaka afike mahali pa kutisha.

Katika tamthilia tunauona uso wa Daenerys akiwa juu ya joka, kengele zinalia, uso unabadilika, anaruka, na kuanzia hapo katika sehemu hiyo hatumwoni tena kwa karibu. Kamera inashuka barabarani kwa Arya na watu wanaokimbia moto. Kuonyesha vita kwa macho ya wanaochomwa ni uamuzi wa heshima, na picha za mji ule zinabaki akilini. Lakini kwa kufanya hivyo tamthilia ilimwacha mhusika wake mkuu bila sauti katika saa ambayo mtazamaji alihitaji mno kumsikia. Misimu ya mwanzo ingembunia mtu wa kuzungumza naye usiku wa kuamkia siku hiyo, mazungumzo marefu ya kutosha. Alikuwa na mazungumzo mafupi tu na Jon, na hayakubeba mzigo huo.

Kitabu cha sita kitatoka lini?

Hakina tarehe. Kinaitwa The Winds of Winter, na Martin amechapisha baadhi ya sura zake kama vionjo. Kumkaripia mwandishi hakujawahi kuharakisha sura, na vitabu vitano vilivyopo vinatosha kurudiwa zaidi ya mara moja.

Tufanyeje tunapojadili na rafiki ambaye hajafika mbali?

Mwulizeni kwanza amefikia wapi, kwa kutaja kitabu au msimu, kisha mazungumzo yasivuke hapo hata kwa dokezo. Kumwambia mtu ajiandae kwa harusi fulani ni sawa na kumsimulia yote. Martin aliiruka sura ya Harusi Nyekundu na kuiandika mwisho kabisa, baada ya kumaliza sehemu nyingine zote za kitabu cha tatu, kwa jinsi ilivyomwia vigumu. Rafiki naye ana haki ya kuifikia bila kuonywa. Jambo jingine ni kutomdharau aliyetazama tu. Anayezijua vizuri nyuso za waigizaji mara nyingi ameona mambo ambayo msomaji aliyapita haraka, na swali lake la kawaida, kama vile kwa nini fulani alinyamaza, huwarudisha wote kwenye kitabu.

Je, House of the Dragon inafuata kanuni zilezile?

Hapana, na kwa anayependa ulinganishaji hiyo ndiyo inayovutia zaidi. Tamthilia hiyo, inayosimulia ukoo wa Targaryen miaka mingi kabla ya Daenerys, iliyoanza tarehe 21 Agosti 2022 na ambayo Martin aliibuni pamoja na Ryan Condal, inatokana na Fire & Blood cha mwaka 2018, ambacho hakina sura za wahusika hata kidogo. Kimeandikwa kama tarikh ya msomi aliyeishi muda mrefu baada ya matukio, akinukuu mashahidi wasiopatana: kiongozi wa dini mwenye upendeleo, mganga mkuu wa kasri, na mchekeshaji wa mfalme anayesimulia kila kashfa. Mara nyingi msomaji huachiwa habari mbili au tatu zinazopingana.

Hapa kazi imegeuka. Kitabu hakina mambo ya moyoni, na tamthilia ndiyo inayolazimika kuyatia. Kitabuni Alicent ni mkubwa kwa Rhaenyra kwa miaka kama tisa, na uhasama wao ni wa mama wa kambo na binti wa mume. Tamthilia iliwafanya marafiki wa rika moja tangu utotoni, na kila ugomvi wa ufalme ukabeba pia kidonda cha urafiki uliovunjika. Tena kifo cha Lucerys, mwana wa Rhaenyra, ambacho kitabu kinakieleza kama shambulio la Aemond, mwana wa Alicent, kilionyeshwa kama tendo la kijana aliyekusudia kutisha na kushindwa kulizuia joka lake. Wanahistoria wa kitabuni wasingeweza kulijua hilo hata kama ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa angani walikuwapo wavulana wawili na majoka yao tu, na aliyerudi hakuwa na sababu ya kukiri kwamba hakukusudia.